Kisima cha Tatu: Kujitolea kwa Ajili ya Maji Safi na Salama Lusu



Katika likizo ndefu iliyopita, sisi mafrateri wanne tulikaa majuma matatu na waamini wa vigango vya kata ya Lusu, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Tulifika na azimio moja: kuchangisha fedha ili kitongoji kimoja kichimbiwe kisima. Bahasha za michango zilikuwa tayari, na barua za kuwaomba wafadhili tulishaziandika.

Siku ya pili tulipelekwa kuona hali ilivyo. Tulionyeshwa pampu ya mkono iliyokufa, nguzo yake ikitumika kufungia mbuzi. Mwendo mfupi mbele tukaonyeshwa nyingine, nayo imekufa. Kisha mama mmoja wa WAWATA, ambaye ndiye aliyekuwa akitutembeza, akasimama na kutuuliza kwa upole: "Wanangu mafrateri, karibuni sana. Lakini hicho cha tatu mtakachotuletea, kikiharibika tumwite nani?"

Hatukuwa na jibu. Jioni ile tuliziweka bahasha kando, tukaanza kuuliza na kusoma. Tunayoandika hapa ni yale tuliyojifunza, tukitumaini yatawafaa waseminari wenzetu, VIWAWA, na kila parokia inayofikiria kujitolea kwa ajili ya maji vijijini.

1. Nchi ya safari na kiu

Tabora, ambayo zamani ilijulikana kama Unyanyembe au Kaze, ilikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi walitoka Bagamoyo, wakavuka Ugogo, wakafika Tabora. Hapo wengine waliendelea magharibi hadi Ujiji na wengine wakashika njia ya kaskazini kuelekea ziwa tunaloliita Victoria. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke aliiacha Kaze akaenda kaskazini mpaka akaliona ziwa hilo. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika wa kwanza, waliotumwa na Kardinali Lavigerie, nao walipita katika njia hiyo ya misafara wakiileta Injili katika nchi za Maziwa Makuu.

Safari hizo zilipangwa kwa maji. Kambi ilipigwa penye kisima au kijito, na urefu wa mwendo wa siku ulitegemea umbali wa maji yanayofuata. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, lililoogopwa kwa sababu maji yalikuwa haba. Kisima kilikuwa na mwenyewe na mlinzi wake, na mgeni hakukinywea bila mapatano. Tuliikumbuka habari hiyo mbele ya zile pampu mbili. Wazee wetu walijua kwamba maji yasiyo na mlinzi hayadumu.

Lusu yenyewe inajulikana zaidi kwa dhahabu. Mgodi wa Golden Pride ulianza kazi hapo mwishoni mwa miaka ya 1990, ukafungwa katika miaka ya 2010. Wachimbaji wadogo wapo hadi leo, pamoja na wakulima wa mpunga, mahindi na karanga, na wafugaji wa ng'ombe.

2. Kwa nini maji ni magumu huku

Wengi hudhani kwamba ukichimba popote kwa kina cha kutosha utapata maji. Sehemu kubwa ya Nzega imekaa juu ya miamba migumu na ya kale sana, hasa matale. Mwamba huo hauna nafasi ya kuhifadhi maji. Maji hukaa katika tabaka la juu lililomeng'enyuka na kuwa kama mchanga, au katika nyufa za mwamba. Anayechimba bila kupima anaweza kupita mita chache tu pembeni mwa ufa na kutoka mikavu. Ndiyo maana wataalamu hupima ardhi kwa vyombo kabla ya kuleta mtambo.

Jambo la pili ni majira. Mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kisha hufuata miezi mirefu ya ukame. Kisima kifupi kilichochimbwa mbugani mwezi wa Machi kinaweza kujaa maji na kumfurahisha kila mtu, halafu kikauke Septemba. Kanuni ni rahisi: kisima kifupi kichimbwe mwishoni mwa kiangazi, maji yanapokuwa chini kabisa. Kikipata maji wakati huo, kitakuwa nayo mwaka mzima.

Jambo la tatu ni umbali. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ililenga kila mwananchi wa kijijini apate lita 25 za maji safi na salama kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Lengo la kuwasogezea wananchi maji ni la zamani; mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji karibu na kila kaya ya kijijini ifikapo 1991.

Tuiweke hesabu hiyo mezani. Familia ya watu sita inahitaji lita 150 kwa siku, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Ndoo moja iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Maji yakiwa umbali wa kilomita mbili, kwenda na kurudi ni kilomita nne, karibu saa nzima ya kutembea bila kuhesabu foleni. Mwenye baiskeli hubeba madumu manne, hivyo atakwenda mara mbili. Asiye na baiskeli, na mara nyingi huyo ni mama au binti wa shule, hawezi kuzibeba ndoo saba na nusu. Atabeba mbili au tatu, na familia itaishi kwa hizo. Kinachopungua kwanza ni maji ya kunawa mikono.

Tumshukuru Mungu kwamba mambo yanabadilika. Mradi mkubwa uliojengwa kwa mkopo kutoka India umeleta maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Nzega, Igunga na Tabora. Hata hivyo, bomba kuu likifika mjini, kazi ya kufika kitongojini inabaki. Hapo ndipo kujitolea kunapohitajika.

3. Safi, na pia salama

Tumezoea kusema "maji safi na salama" kwa pumzi moja kana kwamba ni neno moja. Ni mambo mawili. Maji safi ni yale yanayopendeza machoni, puani na mdomoni. Maji salama ni yale yasiyoleta ugonjwa. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakawa na vijidudu vya kinyesi. Mengine yana rangi kidogo ya udongo lakini hayana madhara makubwa.

Kipimo cha kwanza ni vijidudu. Shirika la Afya Duniani linataka bakteria wa kinyesi wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kipimo cha pili ni kemikali, na kwa ukanda wa dhahabu hiki hakifai kurukwa. Miamba yenye dhahabu mara nyingi huwa na aseniki, ambayo haionekani wala hainuki. Kiwango cha mwisho kinachoshauriwa ni miligramu 0.01 kwa lita. Uchenjuaji wa dhahabu kwa zebaki nao ni hatari kwa vyanzo vya jirani. Katika maeneo kadhaa ya kati na kaskazini mwa nchi yetu, madini ya floridi huzidi miligramu 1.5 kwa lita, na watoto huota meno yenye madoa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi aseniki, zebaki wala floridi. Kwa hiyo sampuli ya kila kisima kipya ipelekwe katika maabara ya ubora wa maji kabla mtu hajanywa kikombe cha kwanza.

Vijidudu vina dawa zilizo ndani ya uwezo wa kila nyumba. Maji yakitokota kwa dakika moja kamili, yanatosha. Maji angavu yakiwekwa katika chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, ya lita moja au mbili, na kulazwa juu ya bati juani kwa saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu, jua huua vijidudu. Vidonge vya klorini hutumika kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji ya mbugani yenye tope yanaweza kutulizwa kwanza kwa unga wa mbegu za mlonge, kisha yachujwe na kuchemshwa.

Pia maji mengi huharibika njiani. Yanatoka bombani yakiwa salama, yakifika nyumbani yameguswa na vidole, kata iliyoanguka chini na ndoo iliyonywewa na mbuzi. Chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, kikisafishwa mara kwa mara, huokoa afya ya nyumba nzima.

4. Kwa nini visima hufa

Turudi kwenye swali la yule mama. Zile pampu mbili za kitongojini hazikuwa ajabu. Utafiti wa WaterAid uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu nusu ya vituo vya maji vijijini Tanzania havikuwa vikifanya kazi, na kwamba robo ya vituo vyenye umri wa miaka miwili tu vilikuwa vimeshakufa. Maana yake ni kwamba katika kila vituo vinne vilivyozinduliwa kwa nyimbo na vigelegele, kimoja hakikufikisha miaka miwili.

Sababu ni ndogo ndogo. Pampu ya mkono ina sehemu zinazolika: sili za raba, valvu na beringi. Mpira mdogo wa pistoni ukichakaa, pampu nzima inanyamaza. Kijiji hakina spea, hakina spana, hakina fundi, hakuna aliyekusanya fedha, na aliyejenga ameshaondoka. Watu wanarudi dimbwini.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alitupatia chombo cha kulielewa jambo hili, ingawa hakuwa akizungumzia pampu. Anatofautisha chanzo kinachofanya kitu kitokee na chanzo kinachofanya kitu kiendelee kuwapo. Mjenzi ni chanzo cha nyumba kutokea; akiondoka, nyumba haianguki siku hiyo, kwa kuwa kinachoishikilia ni kitu kingine. Mfadhili na mtu wa kujitolea ni chanzo cha kisima kutokea. Chanzo cha kisima kudumu ni watu wanaokinywea. Kosa letu sisi tuliofika na bahasha lilikuwa kufikiria chanzo cha kwanza tu.

Hekima hiyo ndiyo inayobebwa na kanuni ya auni katika mafundisho jamii ya Kanisa, iliyoelezwa na Papa Pio XI mwaka 1931: lile ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya yenyewe, jumuiya kubwa isilinyang'anye; iisaidie tu pale inaposhindwa. Mgeni anayekuja kufanya kila kitu anaweza kuwa na moyo mwema na bado akawanyang'anya wenyeji kazi iliyo yao.

Sheria ya nchi nayo inaelekea huko. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kuweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyoendesha miradi na kukusanya michango ya watumiaji. Asiyekwenda kwanza ofisi ya RUWASA ya wilaya na serikali ya kijiji, hata akiwa na fedha, anajenga yatima mwingine.

5. Kujitolea kunakodumu

Baada ya majuma matatu, haya ndiyo tunayoyapendekeza kwa parokia au kikundi chochote.

Kwanza, hesabuni vilivyopo kabla ya kuchimba kipya. Tembeeni kila kitongoji, andikeni kila kituo: kinatoa maji, hakitoi, tangu lini, kwa sababu gani. Kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji miguu, daftari na adabu ya kusalimia watu vizuri kabla ya kuuliza. Tuligundua kwamba moja ya zile pampu mbili ilihitaji sili tu.

Pili, fundisheni mafundi wa hapo hapo. Pampu ya aina ya Afridev ilibuniwa katika miaka ya 1980 kusudi wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa spana moja. Wachaguliwe watu wenye makazi ya kudumu, wakiwemo kina mama. Kijana aliyesoma anaweza kuhamia mjini mwakani. Mama anayeteka maji pale kila siku ndiye anayesikia kwanza pampu ikibadilisha sauti.

Tatu, wekeni mfuko, na hesabu zake zisomwe hadharani. Kaya 60 zikichanga shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka zitapata shilingi 720,000. Fedha hizo zikilindwa, hununua spea kabla pampu haijafa. Zikipotea mara moja tu, hakuna atakayechanga tena. Baadhi yetu tunajua kuandika vitabu vya hesabu. Kumfundisha mtunza hazina ni kujitolea kamili sawa na kuchimba mtaro.

Nne, lindeni chanzo. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Kizingwe uzio, maji yanayomwagika yaongozwe kwenye mfereji, na ng'ombe wajengewe birika lao nje ya uzio. Kila baada ya matengenezo makubwa, kisima kitiwe klorini kabla ya kutumika tena.

Tano, rudini. Kikundi kiweke tarehe ya kurudi baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka. Kurudi huko hakupigiwi picha sana, lakini ndiko kunakoonyesha kama tulikwenda kwa ajili ya watu au kwa ajili yetu.

6. Visima vya Isaka

Katika Kitabu cha Mwanzo sura ya 26 tunasoma kwamba visima vilivyochimbwa siku za Abrahamu vilifukiwa. Isaka alivichimbua upya na kuviita kwa majina yale yale aliyoyatoa baba yake. Alipochimba vingine, wachungaji wa Gerari wakavigombania, akaviacha, akachimba tena, mpaka akapata kile alichokiita Rehobothi, kwa sababu sasa palikuwa na nafasi kwa wote. Tulikuwa tumezisoma aya hizo mara nyingi bila kuziona. Kazi kubwa ya Isaka hapo ni kufufua kilichokuwapo na kukaa kwa amani na majirani penye kisima.

Maji ni haki. Umoja wa Mataifa ulikiri hivyo tarehe 28 Julai 2010, na Papa Fransisko akafundisha vivyo hivyo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, akiiita haki ya msingi ya kila mtu kwa kuwa uhai wenyewe unaitegemea. Kwa hiyo tunapojitolea tusijione tunagawa zawadi. Tunasaidia mtu apate kilicho chake. Naye Bwana wetu, kabla ya kumpa mwanamke Msamaria maji ya uzima, alianza kwa kumwomba maji ya kunywa. Alikiri kwamba ndoo ilikuwa ya mwenyeji.

Sisi wanafunzi wa falsafa huanza masomo yetu na Thales wa Mileto, aliyesema kwamba asili ya vitu vyote ni maji. Darasani tulimcheka kidogo. Lusu tulimwelewa zaidi, tulipomwona mtoto akisubiri dumu lijae kutoka dimbwi walilokuwa wakinywea ng'ombe.

Hatukuchimba kisima cha tatu. Kwa ruhusa ya serikali ya kijiji, sehemu ya michango ilinunua sili, spana na vitabu vya hesabu, na nyingine ikalipia kupima maji. Fundi kutoka mjini alifanya kazi siku mbili, na wanakitongoji watano, watatu kati yao wanawake, walifungua na kufunga pampu ile kwa mikono yao mpaka wakaizoea. Pampu ya pili bado imekufa, kwa sababu kisima chake hukauka kiangazi, na hilo lipo mikononi mwa wataalamu.

Siku ya kuondoka tulimkuta yule mama kisimani, ana spana mkononi na kitenge kimefungwa kiunoni. Hatukuhitaji tena kumjibu swali lake. Alituambia tu: "Haya wanangu, nendeni salama. Mwezi wa pili mje mkague daftari."

Tutakwenda. Tunawaomba ninyi wasomaji mtuombee, na kila mmoja katika jumuiya yake aanze kwa kuuliza: kituo cha maji kilicho karibu nasi kina mlinzi?